Tarehe Iliyosahauliwa Isiue Haki ya Mjane

Sheria ya nchi yetu haisemi mahali popote kwamba ndoa ambayo siku yake imesahauliwa si ndoa. Jambo hili twalitanguliza mbele ya mengine yote, kwa sababu wako wananchi wengi, wengi wao wakiwa kina mama wa makamo na wazee, ambao wamekwisha kurudishwa kutoka dirisha moja hadi jingine kwa kosa moja tu: wameulizwa tarehe ya ndoa yao nao hawakuijua. Fomu imeacha nafasi tatu, yaani siku, mwezi na mwaka. Mama hana cha kujaza. Basi huambiwa akaitafute tarehe hiyo, naye hurudi nyumbani bila ya kujua aitafute wapi.

Tuitazame Kiranjeranje. Hiyo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi, kabla ya kuufikia mto Mbwemkuru. Watu wake ni wakulima wa ufuta, korosho, mihogo na mtama, na kwa muda mrefu vijana wa upande huo wamekuwa wakitoka kwenda kutafuta kazi mbali: katika mashamba ya mkonge, bandarini, viwandani, na katika maduka na masoko ya Dar es Salaam. Mtu alifanya kazi mjini, lakini akaoa kwao. Ndoa ilifungwa barazani au msikitini mbele ya sheikh wa kijiji, wali akaozesha, mashahidi wawili wakasikia, mahari ikatajwa, wali na nyama vikaliwa, na mwali akapelekwa kwa mumewe. Watu wote waliokuwapo walijua kwamba fulani ni mke wa fulani. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka arobaini baadaye karani atauliza ilikuwa tarehe ngapi.

Leo karani anauliza, na hana budi kuuliza. Mfanyakazi akitaka kumwandikisha mkewe katika bima ya afya, hutakiwa cheti cha ndoa. Mstaafu akifariki, mjane wake anapofuata mafao ya warithi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, hutakiwa cheti cha ndoa pamoja na hati ya kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mirathi ikifunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, swali la kwanza la ndugu wa marehemu wenye choyo ni hilo hilo: huyu mama aliolewa lini, na nani aliandika? Kwa hiyo tarehe ambayo haikuwa na kazi yoyote siku ya harusi, imekuwa ndiyo ufunguo wa dawa, wa chakula na wa paa la nyumba.

Wako watu wanaodhani kwamba kutojua tarehe ni alama ya ujinga. Twalipinga neno hilo. Watu wa pwani hii walikuwa wakihesabu miaka na kuiandika tangu zamani sana. Katika msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, liko andiko la jiwe lenye mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa kalenda ya Kizungu. Huko Kilwa Kisiwani masultani walipiga fedha zao wenyewe, na habari za utawala wao ziliandikwa mfalme kwa mfalme. Wazee wetu hawakukosa hesabu. Walikuwa na hesabu yao, nayo si ile iliyochapishwa katika fomu.

Mtu wa Kilwa huijua miezi ya mwandamo: Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, Mfungo Pili, Mfungo Tatu wenye Idi ya kuchinja, hata kufikia Mfungo Sita wa Maulidi, kisha Rajabu na Shaabani. Huijua pia miezi ya jua kwa kazi zake: kaskazi na kusi, kulima na kupalilia, kuvuna ufuta, kuokota korosho. Tena huijua miaka kwa matukio yake: mwaka wa Uhuru, mwaka wa Azimio, miaka ya kuhamia vijijini, vita vya Kagera, daraja la Rufiji lilipofunguliwa. Mama akisema, "Niliolewa Mfungo Mosi, ufuta ukivunwa, mwaka aliofariki Sokoine," hajasema kwamba hajui. Ametoa tarehe, ila ameitoa kwa kalenda tatu kwa pamoja, na karani amezoea moja.

Tuufuatilie mfano huo hatua kwa hatua, ili ndugu wasomaji waone jinsi tarehe iliyosahauliwa inavyoweza kupatikana bila ya uganga.

Mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355. Kwa sababu hiyo kila mwaka Mfungo Mosi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya jua, na hauwezi kurudi mahali pake pa kwanza mpaka ipite miaka 33 hivi. Ufuta wa kusini huvunwa kati ya mwezi wa Mei na Julai. Basi Mfungo Mosi huangukia katika mavuno ya ufuta kwa miaka michache tu iliyofuatana, kisha huondoka na kukaa mbali kwa miaka mingi. Idi ya mwaka 1984 ilikuwa mwisho wa Juni au siku ya kwanza ya Julai; ikarudi karibu na hapo mwaka 2017. Mwanamke mwenye wajukuu hakuolewa mwaka 2017. Kwa maneno mawili tu, mwezi na zao, tumekwisha kuufunga mlango wa miaka mingi na kubakiwa na michache ya miaka ya themanini.

Sasa tulitazame neno la tatu. Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mavuno yaliyofuata ni ya mwaka huo huo. Kwa hiyo ndoa ilifungwa katika Mfungo Mosi wa mwaka 1404 wa Hijra, nao ulikuwa karibu wote ndani ya mwezi wa Julai 1984. Kama mama anakumbuka kwamba ilikuwa siku ya Ijumaa, Julai ile ilikuwa na Ijumaa nne: tarehe 6, 13, 20 na 27. Kama shahidi mmoja anakumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa ya pili baada ya Idi, basi ni tarehe 13 Julai 1984. Mama aliyeingia ofisini akiwa "hana tarehe" alikuwa nayo kamili, ila alikosa mtu wa kukaa naye kitako nusu saa na kumsikiliza.

Si kila mtu atakuwa na kumbukumbu tatu zinazokutana vizuri namna hiyo. Lakini ziko njia nyingine za kutafuta, na yafaa zijulikane na kila mwananchi na kila mtumishi wa umma.

Njia ya kwanza ni daftari la mfungishaji ndoa. Masheikh wengi waliandika, na pengine daftari hilo limo sandukuni kwa mtoto au mjukuu wa sheikh, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karani asiyezijua herufi hizo asilidharau. Na akiona tarakimu 1394 au 1404 asidhani kwamba ni namba ya kitabu au uongo wa mtu aliyekosea kuandika. Huo ni mwaka wa Hijra. Iko hesabu rahisi ya kuukaribia mwaka wa Kizungu: ugawe mwaka wa Hijra kwa 33, jibu lake ulitoe katika mwaka ule ule, kisha uongeze 622. Ukifanya hivyo kwa 1404 utapata 1983 na nusu, na kweli mwaka huo ulianza Oktoba 1983 ukaingia mwaka 1984. Kwa siku yenyewe hapana budi itazamwe kalenda iliyochapishwa, lakini hesabu hiyo yatosha kumwonyesha karani kwamba mbele yake iko hati ya kweli.

Njia ya pili ni karatasi za zamani za kiserikali, ambazo nazo zina mitego yake. Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka 1971. Kabla ya hapo Kilwa ilikuwa katika Mkoa wa Mtwara, na wakati wa ukoloni mpaka miaka ya kwanza ya Uhuru ilikuwa katika Jimbo la Kusini. Mzee akileta stakabadhi ya mahakama ya zamani iliyoandikwa Jimbo la Kusini, asiulizwe kwa nini haikuandikwa Lindi. Mkoa haukuwapo.

Njia ya tatu ni watoto. Kadi ya kliniki, daftari la uandikishaji la shule ya msingi, cheti cha ubatizo kwa walio Wakristo, vyote hivyo huonyesha mtoto wa kwanza alizaliwa lini. Havithibitishi siku ya ndoa, lakini huweka mpaka. Vilevile karatasi za kazi za mume: barua ya likizo aliyoombea kwenda kuoa, fomu aliyojaza kazini na kumtaja mke wake, kitabu cha chama cha wafanyakazi. Mwajiri mwenye kumbukumbu nzuri aweza kumwokoa mjane kwa karatasi moja iliyolala kabatini kwa miaka thelathini.

Njia ya nne twaitaja kwa mkazo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Ofisi inapotaka mashahidi hutaka wanaume waliokaa barazani. Lakini wanaume wale walikaa saa moja, wakasikia hotuba ya ndoa, wakala wakaenda zao. Aliyekaa na mwali kwa siku nyingi ni kungwi wake, au somo yake. Waliotwanga mpunga, waliohesabu vyungu, waliokopa kanga, waliojua kama mwezi ulikuwa mchanga au mpevu usiku wa ngoma, ni wanawake. Mwanamke atakuambia kwamba harusi ile ilikuwa wiki mbili kabla hajajifungua mtoto wake wa tatu, na mtoto huyo ana cheti. Shahidi wa namna hiyo haandikwi katika cheti cha ndoa, lakini katika kuitafuta tarehe iliyopotea thamani yake ni kubwa. Aulizwe, na neno lake liandikwe.

Tumesema juu ya kutafuta. Hapana budi sasa tuseme juu ya kubuni, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwananchi aliyechoka kwenda na kurudi hushauriwa na mtu wa karibu, na pengine na mtu wa ofisini mwenyewe, kwamba aandike tarehe yoyote ili mambo yaende. Basi huandikwa tarehe mosi Januari, au siku nyingine rahisi, ya mwaka unaodhaniwa. Siku hiyo mambo huenda. Baada ya miaka mitano hayaendi tena.

Kwanza, tarehe ya kubuni hukutana na karatasi nyingine. Cheti cha mtoto huonyesha kwamba alizaliwa miaka mitatu kabla ya "ndoa", na mtu mwenye hila huitumia karatasi hiyo kumwita mtoto jina baya na kumtoa katika urithi. Pili, tarehe ya ndoa ndiyo inayotenganisha mali aliyokuja nayo mtu na mali iliyochumwa na wawili kwa jasho lao. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kanuni hiyo ni ngao kubwa kwa mwanamke. Lakini mke aliyeandikiwa kwamba aliolewa miaka kumi baada ya siku yake ya kweli, amejinyima mwenyewe miaka kumi ya mchango wake. Tatu, kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na mjane mwenye haki hana sababu ya kuingia katika kosa ili apate kilicho chake.

Liko pia jambo la ndoa zaidi ya moja, ambalo pwani yetu yalijua vizuri. Mume mwenye wake wawili akifariki, tarehe mbili huwekwa mezani pamoja, na kosa katika moja ni fitina katika zote. Tena iko talaka na kurejeana. Mume aliyemwacha mkewe akamrejea ndani ya eda hakufunga ndoa mpya. Ndoa ni ile ile na tarehe ni ile ile. Bali eda ikiisha, hapana kurejea ila kwa ndoa mpya yenye mahari yake na mashahidi wake, na tarehe nyingine. Wanandoa wengi hawaitofautishi hali hizo mbili wanapoulizwa, na karani haulizi. Matokeo yake ni kwamba mume hutaja tarehe moja na mke hutaja nyingine, kila mmoja akisema kweli, na wote wawili hutazamwa kama waongo.

Tukigeukia sheria, twaona kwamba Serikali iliyaona mengi ya mambo haya tangu zamani. Mwaka 1969 ilitoa Waraka wenye mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa badala ya zile zilizowatenga watu kwa dini na kabila, na wananchi wakajadili. Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, siku ya wafanyakazi. Sheria hiyo yazitambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali. Yamtaka mfungishaji ndoa aliyesajiliwa kuandika na kupeleka kumbukumbu, na kwa ndoa za kimila yawataka wenyewe waombe kuandikishwa katika muda wa siku thelathini. Lakini sheria hiyo hiyo yasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake haiwi batili kwa sababu tu haikuandikishwa. Yasema pia kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kwamba wameoana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Nayo mahakama imepewa uwezo wa kutamka kwamba ndoa fulani ipo.

Waliotunga sheria hii walijua kwamba Tanzania ni nchi ya vijiji. Walijua kwamba daftari litachelewa kufika Kiranjeranje kuliko nikahi. Kwa hiyo walitenganisha mambo mawili ambayo dirishani huchanganywa kila siku: swali la kwanza, je, watu hawa ni mume na mke? Na swali la pili, ilikuwa lini? Swali la pili ni msaada kwa la kwanza, wala si bwana wake. Mtumishi anayekataa kulisikiliza la kwanza kwa sababu la pili halijajibiwa ameipindua sheria, hata kama hakukusudia.

Twajua atakavyojibu mtumishi huyo, na jibu lake lina haki ya kusikilizwa. Atasema: "Mtu akifa na kuacha mafao, wake huota kama uyoga. Nikikubali kila anayekuja na hadithi ya ufuta na mwandamo, fedha za umma zitaliwa na matapeli, na mjane wa kweli ndiye atakayeumia." Hayo ni kweli. Fedha za mfuko wa hifadhi ni jasho la wafanyakazi wote, na anayezilinda anatulinda sisi. Lakini tumwulize: je, kudai tarehe kamili kumemzuia tapeli? Tapeli huja na tarehe safi, siku, mwezi na mwaka, pamoja na mhuri. Anayekosa tarehe ni yule mkweli. Kinachomzuia tapeli ni kuulizwa mambo ambayo hawezi kuyasomea: nani alikuwa wali, mahari ilikuwa nini, jirani wa kushoto ni nani, mtoto wa kwanza alizaliwa nyumba ya nani, na kisha majibu hayo kupelekwa kijijini yakaulizwe. Mke wa miaka arobaini hujibu bila ya kufikiri. Mwongo hutoka jasho.

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya.

Jambo la kwanza: ofisi zote zinazohitaji uthibitisho wa ndoa zikubali muda badala ya siku, pale ambapo siku haikupatikana baada ya kutafutwa kwa uaminifu. Hati ya kiapo iseme, "Ndoa ilifungwa kati ya tarehe hii na tarehe hii," ikitaja sababu za hesabu hiyo, majina ya mashahidi, na neno la serikali ya kijiji. Mwezi wa kweli ni bora kuliko siku ya uongo.

Jambo la pili: kazi hiyo ifanyike karibu na mwananchi. Leo mtu wa Kiranjeranje anayemtafuta msajili wa wilaya hupanda gari mpaka Nangurukuru, kisha hukunja kwenda Kilwa Masoko, na akiambiwa arudi na shahidi, nauli inakuwa ya watu wawili. Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hawezi kusafiri ovyo, na miezi hiyo ndiyo karatasi zinapotakiwa. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulikwisha kuonyesha kwamba njia iko. Uandikishaji wa watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza kuenezwa mikoani kutokea Mbeya mwaka 2013, ulishushwa mpaka ofisi za kata na vituo vya afya, na cheti cha mtoto hutolewa huko huko. Ikiwa mtoto aweza kuandikishwa katani, kwa nini ndoa ya babu na bibi yake isisikilizwe katani? Mtendaji wa kata akae na wazee siku moja katika mwezi, achukue maelezo, ayapeleke yeye wilayani.

Jambo la tatu: madaftari ya ndoa yaliyomo misikitini, makanisani na majumbani mwa masheikh wa zamani yakusanywe nakala zake kabla hayajaliwa na mchwa au maji. Mafuriko ya Januari 2020 yaliingia majumbani katika vijiji vingi vya Kilwa, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara yetu kuu. Nyumba hujengwa tena na barabara huzibwa, lakini daftari lililolowa halisomeki tena. Hatusemi wenyewe wanyang'anywe madaftari yao. Twasema yapigwe picha, nakala ikae wilayani, na kitabu kirudi kwa mwenyewe.

Lakini Serikali haiwezi kukumbuka kwa niaba yetu. Sehemu kubwa ya kazi hii ni yetu wananchi, nayo haingoji bajeti. Kila mfanyakazi anayesoma ukurasa huu, ambaye yeye mwenyewe au wazazi wake hawana cheti, aifanye kazi hii angali mzima. Akienda likizo kijijini achukue daftari, akae na mama yake na shangazi zake, aulize mwezi, zao, tukio, siku na mashahidi. Aandike majina ya wote waliokuwapo na ambao wangali hai. Kisha waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji, watie sahihi au dole gumba, na nakala moja ibaki ofisini. Viongozi wa mashina, ambao huzijua nyumba zao moja moja, wazipitie nyumba za wazee kwanza, na hasa nyumba za wanawake wanaoishi na waume wagonjwa.

Twajua kwamba wako waume wasiopenda jambo hilo. Mume mwingine huona kwamba mke anayeulizia cheti anamtabiria kifo, au anajitayarishia talaka. Hiyo ni fikra ya kale isiyo na heshima kwa mtu aliyekulea nusu ya maisha yako. Mwanamume anayeweka akiba katika mfuko kwa miaka thelathini, kisha akaacha kuandika jina la mke wake na siku aliyomwoa, amejenga ghala akatupa ufunguo. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo hupigania mishahara ya walio hai, vifanye bidii hiyo hiyo kuwakumbusha wanachama wao kwamba fomu ya warithi isiyo kamili ni mshahara utakaokosa wa kuupokea.

Mashahidi wa ndoa za miaka ya sitini na sabini wanapungua kila mwaka. Kila kungwi anayezikwa huenda na tarehe kumi ambazo hazikuandikwa popote. Wilaya ya Kilwa bado inao wazee wa kutosha wa kuirudisha kumbukumbu hiyo, kama wataulizwa mwaka huu. Basi waulizwe, na karani anayewasikiliza aandike kile wanachosema, kwa kalenda waliyonayo, kisha yeye ndiye afanye kazi ya kuipeleka katika kalenda ya fomu. Kazi hiyo ndiyo anayolipwa mshahara kuifanya, wala asimwachie mama wa Kiranjeranje.